Spacio inamisi, inasoma P1310 na P0171: kabla hujanunua koili

Fundi alichomeka mashine yake kwenye tundu la chini ya usukani, akasubiri isome, kisha akanigeuzia kioo nione namba za makosa kwa macho yangu. P1310. P0171.

"Hii nyepesi, dada," akasema. "Koili namba tatu imekufa, na oksijeni sensa imechoka. Lete vyote viwili, jioni unaondoka na gari yako."

Koili ndiyo inayoipa plagi umeme wa cheche, na oksijeni sensa inapima moshi wa ekzosi. Nikamlipa hela ya kupima, nikamshukuru, nikaondoka gari ikitikisika vilevile. Si kwamba nilimwona tapeli. Ni kijana mwelewa, mashine yake ni nzuri kuliko nyingi nilizoziona hapa Tanga, na fundi mwingine yeyote angeweza kuniambia hayohayo. Ila mimi ni fundi umeme wa majumbani. Mteja akinipigia kwamba breka ya jikoni inakata kila akiwasha jiko, siendi dukani kununua breka. Breka imetoa taarifa tu. Naenda kuangalia jiko lenyewe, soketi yake na waya uliojificha ukutani. Sikuona sababu ya gari yangu kuhudumiwa kwa heshima ndogo kuliko jiko la mteja.

Gari yenyewe ni Toyota Spacio new model ya 2002, NZE121, injini 1NZ-FE, cc 1500. Viti vya nyuma nimevikunja moja kwa moja, pale pamejaa roli za waya, dirili na mikebe ya skrubu. Tatizo la kumisi, yaani silinda kushindwa kuwasha petroli yake, lilianza kidogokidogo. Ukiwa barabara ya Muheza kwenye themanini husikii kitu. Ukisimama, hasa AC ikiwa imewashwa, usukani unatetemeka, mshale wa RPM (mizunguko ya injini kwa dakika) unateremka kutoka mia saba hadi karibu mia tano kisha unapanda tena, na ekzosi inatoa mlio wa pu, pu-pu, pu, usio na mpangilio. Asubuhi injini ikiwa baridi, sailensa, yaani mwendo wa injini gari ikiwa imesimama, imetulia kabisa. Ikishapata moto ndipo vurugu zinaanza. Wanaoniuliza kuhusu gari zao huwa wanasahau kunieleza hilo, na mimi ndilo ninalolitaka kwanza: inamisi lini? Baridi au moto? Imesimama au inapanda mlima? Imeoshwa jana? Majibu ya maswali hayo yana thamani kubwa kuliko namba ya kwenye kioo.

Lakini namba nazo zina mpangilio wake, na ukiujua huwezi kuburuzwa. P maana yake injini na gia. Tarakimu inayofuata ikiwa 0, hiyo ni namba ya makampuni yote, ikiwa 1 ni ya mtengenezaji mwenyewe. Inayofuata inataja eneo: 1 ni hewa na petroli, 3 ni moto wa plagi na kumisi. Kwa hiyo P0171 kwenye Toyota ni ileile kwenye Nissan: mchanganyiko mwepesi, hewa nyingi kuliko petroli. P0300 ni kumisi kwa silinda yoyote bila mpangilio, na P0301 hadi P0304 zinakutajia silinda yenyewe kwenye injini ya silinda nne. P1310 iko upande wa pili, ni ya Toyota. Ukiitafuta mtandaoni bila kuandika jina la kampuni unaweza kupewa maana ya gari ambayo hujawahi hata kuipanda. Kwenye 1NZ, P1300 inahusu mfumo wa moto wa silinda ya kwanza, P1305 ya pili, P1310 ya tatu, P1315 ya nne. Na namba hizo hazihusu koili peke yake. Zinahusu njia nzima: koili, soketi yake, waya, hadi kwenye kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini.

Kuna kile kidude cha Bluetooth cha bei rahisi kinachounganishwa na simu. Ninacho. Kwenye Spacio kilikataa katakata. Tundu ni lilelile la pini 16, lakini gari iliyotengenezwa kwa ajili ya soko la Japani miaka ile si lazima izungumze sawa na zile za Marekani, ambako sheria ilidai mfumo mmoja kuanzia magari ya 1996. Kidude kikigoma kuunganika, usikubali mtu akuuzie kontroli boksi. Tafuta mwenye mashine inayozijua Toyota za Japani, au tumia njia ya kuhesabu taa ambayo nitaifikia.

Sasa koili. Kwenye 1NZ kila silinda ina koili yake, imekaa moja kwa moja juu ya plagi, hakuna distributa ya kuzigawia plagi moto wala zile waya ndefu za plagi. Soketi ya koili ina waya nne. Wa kwanza unaleta umeme wa betri ukifungua swichi. Wa nne ni ethi. Wa tatu Toyota wanauita IGT, huo ni amri kutoka kontroli boksi kwamba piga moto sasa. Wa pili ni IGF, nao ni jibu la koili kwamba nimepiga. Waya za IGF za koili zote nne zinaungana ndani ya fungu la waya, kisha unaendelea mmoja tu hadi kontroli boksi.

Jibu lisipofika, kontroli boksi haina namna ya kujua kama cheche imetoka. Inachukulia kwamba haikutoka, inaandika namba, na inaifungia petroli silinda ile. Hapo imefanya la maana, kwa sababu petroli isiyoungua ikifika kwenye ekzosi inaungulia ndani ya masega, yale yanayosafisha moshi, na kuyayeyusha. (Kwa walioyatoa masega yao na kuyauza, sina la kusema.) Kwa sababu hiyohiyo, kwenye magari mengi taa ya injini ikianza kupepesa badala ya kuwaka tu, kumisi kumekuwa kukubwa kiasi cha kuharibu masega. Ondoa mguu kwenye mafuta na utafute pa kuegesha.

Nilianza kwa kutafuta silinda iliyolala, kwa njia ya kizamani. Injini inanguruma, imeshapata moto, inamisi. Nikachomoa soketi ya nozeli (inayopulizia petroli) ya kwanza, injini ikayumba vibaya. Nikairudisha. Ya pili, ikayumba. Ya tatu, kimya, kana kwamba sijagusa kitu. Ya nne, ikayumba. Kwa hiyo ya tatu haifanyi kazi, na mashine ya fundi ilikuwa sahihi kwa kiasi hicho. Nachomoa nozeli, sichomoi koili, kwa sababu koili ikichomolewa petroli inaendelea kumwagika ndani ya silinda mpaka kontroli boksi igundue, na kwa sababu umeme wa koili ni maelfu ya volti. Mimi nashika umeme kila siku na huo siutaki. Klipu za soketi za gari ya umri huu ni kavu, zibonyeze taratibu, ukizivuta zinavunjika.

Kisha nikafungua plagi zote nne, nikazipanga kwenye gazeti kwa mpangilio wake. Hapo ndipo nilipokaa kwenye kigoda nikaziangalia kwa muda mrefu.

Ya kwanza, ya pili na ya nne zilikuwa nyeusi, masizi makavu yanayobaki kwenye kidole ukizigusa. Ya tatu ilikuwa ya kijivu kuelekea nyeupe, kavu, safi. Nikainusa. Haina hata chembe ya harufu ya petroli. Koili ingekuwa imekufa huku petroli ikiendelea kuingia, plagi ile ningeitoa imelowa na inanuka. Plagi kavu kiasi kile kwenye silinda isiyofanya kazi maana yake petroli haifiki, na nozeli yenyewe nilipoipima ilikuwa na ohmu 13.8, ambayo ni nzima kabisa. Kilichobaki ni kwamba kontroli boksi ndiyo iliyoifunga.

Na yale masizi ya plagi nyingine tatu? Hapo ndipo P0171 inapoingia, na ndiyo sehemu iliyonifurahisha kuliko zote. Oksijeni sensa haipimi petroli. Inapima oksijeni iliyobaki kwenye moshi. Silinda ya tatu ilikuwa inavuta hewa, inaikandamiza, inaitoa kwenye ekzosi ilivyo, bila kuungua. Sensa inakutana na mafuriko ya oksijeni, inasema kwa uaminifu mchanganyiko ni mwepesi. Kontroli boksi inaongeza petroli. Lakini ile iliyofungiwa haipati, kwa hiyo nyongeza inakwenda kwa zile tatu nzima, ambazo hazikuhitaji. Zinajaa masizi, gari inakunywa petroli, na sensa bado inalalamika hewa nyingi. Mwishowe kontroli boksi inafika kikomo cha kuongeza na kuandika P0171. Sensa ilikuwa inasema kweli tupu, na ilikuwa inakaribia kutupwa jalalani kwa kosa hilo.

Nikahamisha koili. Boliti moja ya spana namba kumi, unachomoa ya tatu unaiweka kwenye silinda ya kwanza, ya kwanza unaipeleka ya tatu. Nikasafisha plagi na kuzirudisha, nikatoa fyuzi ya EFI kwa dakika moja na ushee ili kontroli boksi isahau, nikazunguka na gari hadi Raskazone na kurudi mpaka injini ikapata moto. Ikaanza kumisi. Nikarudia zoezi la nozeli: silinda iliyolala bado ni ya tatu. Koili ingekuwa mbovu, ugonjwa ungehamia ya kwanza pamoja nayo. Hapo elfu kadhaa za koili zikabaki mfukoni. Mtu yeyote mwenye spana namba kumi anaweza kulifanya zoezi hili, halina gharama, na sielewi kwa nini halifanywi kila mara kabla ya mtu kutumwa dukani.

Ukibaki na waya, unakuwa umerudi nyumbani kwangu. Swichi imefunguliwa, injini haijawashwa, soketi za koili zimechomolewa. Kila soketi nikaipima kwa multimita: pini ya kwanza volti 12 na ushee, sawa zote. Ya nne ethi, sawa zote. Pini ya pili, ile ya IGF, inatakiwa ikupe karibu volti 5 kutoka kontroli boksi. Kwenye koili ya kwanza, 4.9. Ya pili, 4.9. Ya nne, 4.9. Ya tatu, 4.9.

Nzima! Mtu mwenye haraka angeishia hapo. Lakini injini ilikuwa imeshapoa, na injini ikiwa baridi gari yangu haina tatizo. Nikaacha ncha za multimita pale pale kwenye soketi ya tatu, nikashika waya kwa vidole viwili, sentimita moja hivi nyuma ya soketi, nikaukunja taratibu kuelekea upande wa kioo. 4.9. 4.9. Sifuri. Nikaunyoosha, 4.9. Nikaukunja, sifuri. Kwa nje gamba la waya halikuwa na mkwaruzo. Ndani, nyuzi za shaba zilikuwa zimekatika zote, ncha zinagusana kwa bahati. Injini ikipoa zinakutana, ikipata moto na kutetemeka zinaachana. Nilipouchana waya kwa wembe nilikuta shaba imegeuka kijani. Hewa ya chumvi ya mji huu haina huruma, na klipu ya soketi ile ilikuwa imevunjika siku nyingi, kwa hiyo soketi ilikuwa inacheza na waya unapinda palepale miaka nenda rudi.

Kwa hiyo koili ilikuwa inapiga moto muda wote. Amri ilifika, cheche ilitoka, ila jibu halikurudi.

Ndiyo maana pia sipendi ile tabia ya kutoboa waya kwa sindano ili upime katikati. Kitundu hakionekani, unyevu unaingia, na baada ya mwaka unatafuta ugonjwa ulioutengeneza mwenyewe. Pima kwenye soketi kwa nyuma, au fungua uunge upya.

Soketi nzima yenye kipande cha waya nilipata kwa wauza spea za mtumba kwa elfu tano. Niliukata waya nyuma kabisa, mahali ambapo shaba bado inang'aa, nikaunga kwa kulehemu na kuvisha mpira wa kusinyaa kwa moto, kila muungo sehemu yake ili isibanane. Tumia waya laini wa nyuzi za gari. Ule mgumu tunaopitisha ukutani ukiufunga kwenye injini inayotetemeka utakatika tena. Na kusokota waya mbili kwa vidole kisha kuzungushia tepu, kwenye nyumba sikubali, kwenye gari vilevile. Fungu lote nikalifunga mahali pake lisicheze.

Gari ikatulia siku hiyohiyo. Baada ya muda nikarudi kwa yule fundi, nikamwomba anichomekee tena mashine, safari hii upande wa namba zinazotembea na siyo wa makosa tu. Kuna namba pale inaonyesha kontroli boksi inaongeza au kupunguza petroli kwa asilimia ngapi kulinganisha na hesabu yake ya msingi. Siku ya kwanza, nilipomwomba anionyeshe, ilikuwa juu ya 24. Sasa ilikuwa inacheza kati ya 2 na 4, yaani hakuna shida.

"Sensa umenunua wapi?" akaniuliza.

"Sijanunua."

"Na koili?"

"Ni zilezile."

Akafungua boneti mwenyewe, akaangalia muungo, akaupapasa. Tukakaa tukaongea muda mrefu kuliko nilivyopanga, na yeye akanifundisha jambo ambalo sasa nalitumia: P0171 ya kweli, ile isiyo ya kumisi, unaitenganisha kwa namba hiyohiyo ya asilimia. Ikiwa kubwa gari imesimama na inashuka ukipandisha hadi RPM 2500, kuna hewa inaingia kwa wizi. Tafuta mpira wa vakyumu uliopasuka, au ule mpira mkubwa wa mikunjo kati ya sensa ya hewa na throtoli, ambao hupasuka ndani ya mikunjo mahali usipopaona mpaka uuvute. Ikiwa ndogo gari imesimama na inapanda ukikanyaga mafuta, petroli haitoshi: pampu, chujio, au ulichojaza kwenye tangi. Sensa ya hewa yenye uchafu nayo inasababisha, na inasafishwa kwa dawa yake ya kupuliza, usiiguse kwa kitambaa.

Kuhusu kuosha injini kwa maji ya presha sitasema sana. Vijana wa kuosha magari wanapenda kuimalizia boneti ing'ae, maji yanajaa kwenye visima vya plagi chini ya koili, gari inatoka pale inamisi. Toa koili, kausha, basi. Ukikuta kisimani mna oili badala ya maji, gasketi ya kofia ya injini imechoka. Hiyo ni kazi nyingine.

Habari zikasambaa kwenye ukoo kwamba mimi sasa natengeneza magari, na baba mkubwa akanipigia kutoka Lushoto.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Nasikia umekuwa makenika."

"Nani kakudanganya?"

"Mama yako. Njoo basi, gari inanigomea kila asubuhi."

Yake ni Corolla 110 ya 1997, injini 5A-FE, ya distributa. Mwezi wa saba Lushoto kuna baridi ya kuvaa makoti mawili, na gari ile asubuhi unapiga stata mpaka betri inachoka. Ikiwaka inamisi na kukohoa, mpaka ikipata moto inatembea vizuri kuliko ya kwangu. Kinyume kabisa na Spacio. Walishambadilishia plagi, waya za plagi na kofia ya distributa.

Gari hizo hazihitaji mashine. Chini ya boneti kuna kiboksi cheusi kimeandikwa DIAGNOSIS. Ukifungua kifuniko, kwa ndani kuna mchoro wa majina ya matundu. Unaunganisha TE1 na E1 kwa klipu ya karatasi, AC imezimwa, unafungua swichi bila kuwasha injini, unaangalia taa ya injini kwenye dashibodi. Ikipepesa haraka mfululizo bila kupumzika, haina kosa. Ikiwa na kosa inapepesa kwa mafungu: fungu la kwanza ni tarakimu ya kwanza, kimya kidogo, fungu la pili tarakimu ya pili, kisha kimya kirefu na kurudia. Mimi nilishika klipu, baba mkubwa alikaa ndani na miwani yake akihesabu kwa sauti, na kalamu mkononi kwa sababu hakuniamini.

"Mbili... mbili. Imetulia. Mbili... mbili. Ni mwanasesere huyu?"

Ni 22: sensa ya joto la maji. Nikapima soketi yake kwanza, volti 5 ipo, waya mzima. Nikapima sensa yenyewe. Hali ya hewa ikiwa nyuzi 20 inatakiwa iwe na kiloohmu 2 hadi 3, na injini ikiwa na nyuzi 80 ishuke hadi ohmu mia tatu hivi. Hii haikuonyesha kitu, imekatika ndani. Toyota wameweka kinga: sensa hiyo ikifa, kontroli boksi inajichukulia kwamba maji yana nyuzi 80. Kwa hiyo alfajiri ya Lushoto, injini imelala nje usiku kucha, kontroli boksi inaamini ina moto na inatoa petroli kidogo ya injini yenye moto. Haiwaki. Ikifanikiwa kuwaka inamisi mpaka joto la kweli linapofikia lile la kudhania, kisha inakuwa nzuri. Hapa namba ilitaja ugonjwa moja kwa moja, tukabadilisha sensa, kitu kidogo cha bei ndogo, na baba mkubwa akabaki analalamikia hela ya waya za plagi.

Kwa gari isiyo na kiboksi hicho ila ina tundu la pini 16, kama Spacio, Toyota nyingi za Japani zinakubali ukiunganisha pini namba 4 na 13. Taa za ABS na mifuko ya hewa nazo zitapepesa, usishtuke, kila moja inasoma vyake. Hesabu pini mara mbili kabla hujachomeka: 16 ina umeme wa betri muda wote hata swichi ikiwa imefungwa, na ukiiunganisha na 4 umechoma fyuzi.

Kwa wenye 1NZ wanaosoma hapa wakiwa na P1300, P1305 au P1315, vipimo ni vilevile, badilisha silinda tu. Hamisha koili kwanza. Ugonjwa ukihama, nunua koili, na ikiwezekana iwe ya Denso ya kweli, hata ya mtumba iliyopimwa, maana feki zipo. Ukibaki palepale, pima IGF huku unakunja waya, injini ikiwa bado na moto ikiwezekana. Na kama gari imezima kabisa, haiwaki, na mashine inalalamikia koili zote nne kwa pamoja, koili nne hazifi siku moja. Anza na fyuzi na ethi zinazozilisha zote, kisha ule waya mmoja wa IGF unaoelekea kontroli boksi.